Jozi Mia Mbili

“Lifti ni ya wateja,” askari wa mlangoni alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. “Mafundi wanatumia ngazi.”

“Nani amekuambia mimi ni fundi?”

“Hiyo futi ya kupimia iko shingoni, mama.”

Nasimiyu akapanda. Ghorofa nne. Kila ngazi ilimwongezea hasira, na hasira ndiyo iliyomfikisha juu.

Wiki tatu Wangeci hakushika simu. Wiki tatu! Ni yeye aliyejileta kwenye kibanda cha Nasimiyu huko Kabiria, mwanamke wa Kilimani mwenye manukato na maneno matamu, akitaka rinda lipunguzwe. Akaiona taiti, suruali ya kubana, ambayo Nasimiyu alikuwa amevaa pale kwenye cherehani. Akainama, akagusa kiuno kisichojikunja, akagusa goti lisilolegea. “Umenunua wapi hii?” Nasimiyu, kwa fahari ya kijinga, akajibu kwamba ameishona mwenyewe. Za dukani hazikuwahi kumkaa hata moja. Alikuwa ameharibu kitambaa mara sita, akipima, akifumua, akichora upya, mpaka pateni, ramani ya kukatia aliyoichora kwenye karatasi za kaki, ikakubali.

“Niazime wikendi tu nimwonyeshe rafiki yangu,” Wangeci alisema, akaondoka na zile karatasi za kaki kwapani.

Asubuhi hii Nasimiyu aliiona pateni yake kwenye simu, imebandikwa ukutani nyuma ya Wangeci anayetabasamu. Nimeichora kwa mkono wangu, tangazo lilisema. Leo tunakata jozi mia mbili za kwanza.

Mlango wa karakana ya Wangeci ulikuwa wazi. Juu ya meza ndefu kitambaa cheusi kilikuwa kimelazwa tabaka juu ya tabaka, kitambaa kizuri, cha kuvutika pande zote. Haron, mkataji wa Wangeci, alikuwa akizungusha chaki kwenye vipande viwili vya karatasi. Alikuwa amevilaza kimoja kichwa huku, kingine kichwa kule, kama wafanyavyo wakataji wasiopenda kupoteza kitambaa.

“Madam, bado sielewi,” Haron alikuwa akisema. “Taiti huwa ni kipande kimoja. Unakata, unageuza karatasi, unapata mguu wa pili. Hii mbona ni viwili, wa kulia na wa kushoto?”

“Hiyo ndiyo siri yake. Ndiyo maana inakaa vile inakaa. Wewe kata.”

“Hiyo ni yangu,” Nasimiyu alisema kutoka mlangoni.

Wangeci aligeuka taratibu. “Ai! Nasimiyu! Na ni nani amekuruhusu kupanda?”

“Umeambia watu umeichora. Uliichora lini? Kwa mkono gani?”

“Usinipigie kelele kwangu. Karatasi ni karatasi. Wewe ungeifanyia nini, uitundike pale kwa kibanda ikule vumbi?”

“Nilijishonea. Nilitaka kuvaa.”

“Basi si uendelee kuvaa! Nani amekuvua?”

Haron alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Nasimiyu alivuta pumzi. “Wangeci, nisikize. Nipe hizo karatasi niende. Na kama hunipi, kuna kitu lazima nikuambie kabla hamjawasha hicho kisu cha umeme.”

“Nakijua. Unataka jina lako kwa lebo.”

“Sijasema jina. Nimesema hiyo pateni haiwezi...”

“Haiwezi kuuzwa bila wewe? Eti ‘Nasimiyu wa Kabiria’, wanawake wa hapa wavae hiyo kwa mazoezi?” Wangeci alipiga makofi mara moja, akicheka. “Mwili wa mwanamke ni ule ule, mpenzi, awe wa Kilimani, awe wa Kinoo. Wewe ulikuwa na chaki, mimi nilikuwa na macho. Nyinyi mafundi wa vibanda, mtu akiwapa salamu mnataka kiti. Ukipewa kiti, unataka kitanda!”

“Niache nimalize.”

“Umemaliza. Hii pateni ni yangu, na hata ukienda kwa chifu, utamwonyesha nini? Mikono mitupu?”

Neno alilopanda nalo ghorofa nne lilikuwa pale pale kwenye ulimi, zima, tayari. Lingetoka kwa pumzi moja tu.

Haron aliweka kisu cha umeme juu ya meza. Alikuwa mtu wa makamo mwenye nywele zilizojaa nyuzi, na uso wake ulionyesha kwamba haoni raha. “Mama,” alisema kwa upole, “ulikuwa unasema haiwezi nini?”

Nasimiyu alimtazama. Alitazama kitambaa. Alimtazama Wangeci, ambaye tayari alikuwa ameinua simu ajipige picha na meza.

“Nimesahau,” alisema. “Kateni.”

“Unaona?” Wangeci alisema. “Ni kelele tu. Washa, Haron, mchana unaisha.”

Kisu kiliguruma. Nasimiyu hakuondoka. Alisimama pale akikifuata kwa macho kikila chaki, kikipita kwenye paja, gotini, kwenye kifundo, mpaka miguu mia mbili ya kulia ikalala upande mmoja wa meza na miguu mia mbili ya kushoto upande wa pili.

Ndipo akageuka, akashika reli, akaanza kushuka ngazi moja moja, akitanguliza mguu wake wa kushoto, ule ambao polio iliuzuia kukua akiwa mtoto, na ambao mpaka leo ni mfupi kuliko wa kulia kwa inchi mbili.