Mtihani wa Kuridhia

Siku hizi hakuna anayepata shahada ya uzamili ya ushauri wa utengamao, ile kazi ya kuwarudishia wagonjwa nguvu za viungo, mpaka amshawishi mgonjwa mmoja aridhie: akubali kwamba hatapona, ili mashine yake ya mazoezi apewe mwingine. Sheria haikatazi mgonjwa huyo awe mama yako.

Kiharusi kilikuwa kimeupoozesha mkono wa kulia wa Bi Riziki. Binti yake, Saumu, alizungumza naye sebuleni mbele ya msimamizi wa chuo, kwa sauti ya upole, akinyamaza pale walipomfundisha kunyamaza.

"Mama, mwili nao huchoka. Tuuache upumzike."

"Ukifaulu watakuajiri?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nimeridhia."

Msimamizi akasogeza kioo cha kuwekea dole gumba. Bi Riziki, bila kufikiri, akanyanyua mkono wa kulia, akabonyeza.

Wote watatu wakautazama ule mkono.

"Kioo kimeshapokea," msimamizi akasema. "Hongera, Saumu. Unajua kunyamaza."

Saumu akaurudisha mkono wa mama yake mapajani, akaufunika kwa kanga.

"Asante, mwalimu."

Chini ya kanga, vidole vya mama yake vilikuwa vimemng'ang'ania.