Muhuri wa Jana

Mzee Man-bok aligeuza yai la tano, akalisogeza karibu na miwani.

"Mzee, hilo yai litakuzoea mpaka likuite babu," alitania Mama Ok-ja, mwenye duka pale sokoni Yesan. "Ukubwa umeandikwa kwenye boksi, daraja liko kwenye boksi. Kwenye ganda unatafuta nini?"

"Tarehe ya kutagwa."

"Ya jana! Si kila siku huwa ya jana?"

Hilo ndilo alilotaka kusikia. Muhuri wa jana ulimaanisha kwamba jana Gyu-ho, mwanawe wa pekee, aliamka salama, akaokota mayai, akayagonga muhuri kwa mkono wake.

Miaka minne hawakuwa wamesemezana. Kilichowagombanisha ni tarakimu ya mwisho kwenye muhuri huohuo, ile inayoonyesha kuku wanavyofugwa. Enzi za mzee ilikuwa nne, yaani kuku wa vizimbani. Gyu-ho akavunja vizimba, akawaachia kuku kilimani, tarakimu ikawa moja. Vizimba vile mzee alivijenga mwenyewe tangu ujana wake. "Kuanzia leo usiniite baba," alimwambia mwanawe, akahamia mjini. Maneno yale yalimwuma yeye kuliko aliyeambiwa, lakini kiburi kilimkataza kupiga simu.

Basi akawa ananunua mayai, akimsoma mwanawe gandani. Zamani mihuri ililalia upande, kazi ya mtu mwenye haraka. Tangu majira ya baridi ilisimama wima. Ametulia siku hizi, mzee alijisemea. Halafu yakaja mayai madogo, ya mitetea inayoanza kutaga. Kumbe ameingiza kuku wapya! Mtu anayeingiza kuku wapya hajakata tamaa. Akalirudisha yai kwenye boksi.

"Nifungie na boksi la peasi," alisema. "Zile kubwa."

"Makubwa! Za nani tena?"

"Za mwanangu. Sikukuu hii ya mavuno nakwenda kula kwake. Damu nzito kuliko maji, mama."

"Umechelewa, lakini nenda," alisema Mama Ok-ja, akamchagulia peasi zisizo na doa.

Kule shambani alimkuta Yeon-suk, mke wa Gyu-ho, peke yake bandani, muhuri mkononi na trei za mayai mbele yake. Alipomwona baba mkwe wake mlangoni, muhuri ulimponyoka.

"Gyu-ho yuko wapi?" mzee aliuliza, boksi la peasi bado kifuani.

Yeon-suk aligeuza uso kutazama nje. Mzee akafuata macho yake hadi kilimani, ambako kuku walikuwa wakichakura kuzunguka tuta la kaburi lililokwisha kuota nyasi.

"Alikataza usiambiwe, baba," alisema huku akilia. "Aliniambia, 'Muhuri usikose hata siku moja. Baba huwa anausoma.'"