Kiunzi cha Kumi

Swala alikuwa bingwa wa kuruka viunzi misimu saba mfululizo, na kila ushindi ulimwongezea woga. Kiunzi cha kumi, cha mwisho, ndicho kilichomkosesha usingizi. Aliapa kwamba kila mwaka kilikuwa kikirefuka.

"Gamba langu ndilo kipimo," Kobe, mkaguzi wa uwanja, alimwambia. "Nikipita chini yake gamba likikigusa bila kukwama, ni halali. Nami sijarefuka, binti yangu."

Swala hakutulia. Asubuhi ya mashindano, wenzake wakipasha misuli moto, alikishusha kiunzi chake cha kumi kwa vidole vitatu. Kisha akakimbia roho mkononi, akaruka vyote, akamwacha Digidigi, aliyeshika nafasi ya pili, nyuma kwa mbali.

Lakini desturi ya uwanja ule ilikuwa bingwa asivikwe taji mpaka Kobe apite tena chini ya viunzi vyake. Alipita tisa. Kwenye cha kumi akakwama, miguu ikichapa vumbi.

Swala aliinamisha kichwa.

"Taji ni la Digidigi," alisema Kobe, bado amebanwa. "Ila nilikuwa nimekaa papa hapa uliporuka, binti yangu. Ulikipita kwa shubiri mbili. Ulikishusha cha nini?"