Chupa ya Saba

Mteja wa pembeni yake alipofungua chupa ya saba, mshonaji alishika meza ya kioo asianguke.

Alikuwa ameingia dukani kumchagulia binti yake manukato ya harusi, na alikwisha kunusa vikaratasi hadi pua ikafa ganzi. Harufu hii ilipenya ganzi yote: moshi, ngozi mpya, na utamu kama wa tunda lililoanza kuoza.

Miezi minne nyuma, mchana kweupe, mtu aliingia chumba chake cha kushonea, akamfunika kichwa kwa kitambaa na kumkaba kwa utepe wake mwenyewe wa kupimia. Dada yake, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili, alipiga kelele mara moja tu. Mshonaji alipozinduka, dada hakuwa hai. Polisi walipomhoji alisema hakuona kitu, alinusa tu harufu hii. Wakaandika, wakaondoka, na tangu hapo kimya.

Sasa mwanamume huyu, mrefu, mwenye viganja vipana kama sepetu, alijipulizia kwenye kifundo cha mkono, akanusa, akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe," alimwambia muuzaji. "Nimeisaka kila duka."

Muuzaji akamsifu kwamba inamfaa.

"Si yangu. Kuna mwanamke nataka ainuse. Akiinusa tu, atakumbuka."

Mshonaji aliuhisi tena utepe ukimkaza shingoni. Mkobani mwake mlikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, ametoka kuunolesha saa ile ile. Hakupiga kelele, wala hakuuliza. Alimchoma chini ya mbavu, akauchomoa, akamchoma shingoni. Meza ilipasuka. Chupa zikaporomoka, damu na manukato vikatiririka pamoja sakafuni. Mtu yule aligeuka, akamkazia macho, midomo ikihangaika kutafuta neno, asilipate. Akaanguka. Mshonaji alimkalia kifuani na kuendelea kuchoma mpaka mlinzi wa mlangoni alipomdaka mikono kwa nyuma. Muuzaji alikuwa amejibanza ukutani, analia bila sauti.

"Ni yeye," mshonaji alisema, akihema. "Ndiye aliyemuua dada yangu."

Mlinzi alimwachia. Naye akaketi palepale kwenye vigae vilivyolowa, mkasi mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akavuta pumzi hadi mwisho.

Muuzaji alipopata nguvu, alipekua mifuko ya marehemu ili angalau wajue jina la kuwaambia polisi. Alitoa kitambulisho cha mpelelezi, na kidaftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeandikwa asubuhi ile, kwa mwandiko wa kutulia:

"Nikiipata harufu leo, nimpelekee mshonaji aliyenusurika. Nibishe hodi polepole. Ameshaogopa vya kutosha."