Matrekta Matatu ya Mkungu Mwijage

Trekta la kijivu lilianza kuteleza kiubavu, polepole, likimshusha Mkungu Mwijage, mkuu wa kijiji, kuelekea migombani huku mkono mmoja umeshika madigadi na wa pili umeshika kofia. Dereva wa kutoka Bukoba alikwisha kuruka. Trekta likajisimamia lenyewe kwenye kichuguu, na mkungu akashuka kama mtu aliyekuwa amepanga kushukia hapo hapo.

"Hili halifai," akaiambia kamati. "Miguu myembamba."

Kamati ilikuwa ya wanaume watano, imeundwa na chama cha wakulima ichague trekta litakaloweza milima ya Kishanda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulima kule juu rweya, kwenye nyika ya mlima. Rweya hulimwa na wanawake. Kila mmoja ana omusiri wake, kipande cha kupanda njugu mawe, na mwanamume akionekana huko na jembe atachekwa mpaka siku ya kuzikwa.

Kokuhirwa alikuwa ameketi nyasini akitazama, mkono wa kulia umefungwa vijiti tangu alipoanguka njia ya chemchemi. Omusiri wake ndio uliokuwa mkali kuliko yote, nao ndio uliomlisha tangu mumewe afariki. Binti hakuwa naye, na majirani walikuwa wanakimbizana na kazi zao. Sheria ya mkungu aliijua kila mtu: omusiri usiokwisha kulimwa kufikia sikukuu ya Mikaeli unarudi kwake, ampe amtakaye. Huu wa Kokuhirwa mkungu alikwisha kumwahidi shemeji yake mwenyewe.

"Mama Kokuhirwa," mkungu alimwambia akijipangusa vumbi, kwa upole wa mtu aliyeshiba, "zimebaki wiki tatu. Mkono unaendeleaje?"

"Utapona Mungu akipenda, waitu," akamjibu kwa heshima ya kumwita bwana.

"Mungu atapenda. Ila Mikaeli hangoji."

Jioni ile kamati ikakata shauri kwamba mlima wa Kishanda hautaki trekta, na mambo yaishe. Yangeisha, kama karani Ildefons asingeikuta barua imesukumwa chini ya mlango wa chama. Haikuwa na jina. Iliandikwa kwa penseli ya zambarau, ile ya kulowanishwa ulimini, na herufi zake zililala upande mmoja kama trekta la kijivu.

Ildefons akaisoma: "Mmejaribu moja tu, tena chini. Palipo pakali hasa hamkufika. Jirani zetu wa Kaagya wakiuliza kwa nini, tuwajibu nini?"

"Huyu ni Protase," mkungu akasema. Yeye na Protase walishindana tangu darasani. "Anaandika pombe ya rubisi ikiwa kichwani. Tazama mwandiko."

Lakini wiki iliyofuata likaja trekta jekundu, lenye magurudumu yaliyotanuka, na mkungu akaelekeza fimbo juu kabisa. Kokuhirwa akainuka, akapiga magoti mbele yake.

"Waitu, huko ni kwenye omusiri wangu. Nakusihi, jaribuni kwingine. Pale ni pakali, hata mashine haipawezi."

"Haipawezi?" Mkungu akawageukia wenzake, akacheka. "Mama, wewe jembe unalijua. Mashine tuachie wanaume." Akamwambia dereva, "Pita hapo hapo."

Jekundu lilipita, likageuka, likapita tena, mpaka katikati ya omusiri plau ikagonga jiwe ikapinda. Kamati ikashuka kwa miguu.

Siku ya tatu yake, barua nyingine, zambarau ile ile. "Jekundu limeishia nusu. Nusu iliyobaki ndiyo kali."

"Protase atanijua," mkungu akasema.

Wiki ya mwisho kabla ya Mikaeli akaazima trekta la minyororo kwa watu wa barabara. Hilo lilipanda kama kobe, halina haraka wala woga. Bwana Shamba naye alikuja, akasisitiza lilime kwa kukinga mteremko na kuinua matuta ya kuzuia maji, la sivyo jaribio si jaribio. Mkungu alikaa kando ya dereva tangu tuta la kwanza hadi la mwisho, kofia kichwani, akiupungia mkono upande wa nyumbani kwa Protase.

Kokuhirwa alijifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Jirani yake Joviana akamshika.

"Usilie, mwenzangu. Mungu anaona."

"Anaona," Kokuhirwa akajibu ndani ya kanga.

Kamati ikaandika ripoti ya kurasa tisa, ikaomba muda wa kufikiri zaidi.

Siku ya Mikaeli, baada ya ibada, mkungu alipanda mlimani na shemeji yake, na Ildefons nyuma yao amebeba daftari la kuandika ardhi zilizolala. Walipofika kwa Kokuhirwa mkungu akasimama. Udongo ulikuwa umepinduliwa kona hadi kona, matuta yamenyooka kuliko ya mwanamke yeyote wa Kishanda.

"Nani amelima hapa?" akauliza.

Wanawake wakatazamana. Joviana ndiye aliyejibu, kwa heshima zote.

"Si wewe, waitu? Tulikuona sote. Tena na kofia."

Shemeji mtu akakohoa. Ildefons akafungua daftari, akalifunga, kisha akabaki akimtazama Kokuhirwa, aliyekuwa ameinama kwenye tuta akiimba wimbo wa kanisani na kudondosha njugu moja moja kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mkono huo vilikuwa bado vya zambarau.