Karatasi ya Mamamkwe

Fundi viatu aliibana karatasi mezani kwa kiganja, maana feni ya kliniki ile ilikuwa na tabia ya kupeperusha mambo ya watu.

"Soma, daktari. Nimejaza siku zote kumi na nne."

Daktari wa wanyama, binti wa umri wa kuwa mwanawe, alivaa miwani, akaivuta karatasi. Yalikuwa maswali saba: anakula, anakunywa, ana maumivu, choo chake, anajisafisha, anatembea, anafurahia yale aliyoyapenda. Kila swali alama kumi. Jumla ikifika thelathini na tano, mgonjwa anaendelea na dawa. Isipofika, daktari huvua miwani na kuanza habari ya sindano ya mwisho.

Fundi aliujua mwendo huo. Mwaka jana, matumbo ya Mamamkwe yalipovimba kwa ndani hadi akabaki ngozi na sharubu, alijaza karatasi kama hii. Mamamkwe alipita kwa alama tatu.

Mamamkwe ni paka. Jina alipewa na marehemu mke wa fundi, kwa kuwa aliingia nyumbani bila kualikwa, akahamia jikoni, akawa anaonja kila kitu na hashukuru chochote.

"Nimemwacha nyumbani," fundi alisema kabla hajaulizwa.

Daktari akamwambia si neno. Paka wakifika kliniki hujikaza wakaonekana wazima, ndiyo maana karatasi hujazwa nyumbani. Anayekaa na mgonjwa ndiye anayejua.

Maneno hayo yalimchoma fundi. Yeye alikaa na mkewe miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyemuuliza kitu. Ngazi za hospitali ya watu walizipanda mara tisa. Daktari mkuu hakuinua hata kichwa; aliandika tu, akasema ni gesi, mama apunguze maharage. Mara ya tisa walikuta chumba cha vipimo kimefungwa na mwenye ufunguo yuko semina. Wakubwa wenyewe wakiumwa ukucha hupanda ndege. Mke wa fundi alizikwa hajapimwa, na huku paka anaulizwa maswali saba, tena kwa upole.

"Vijiko vitatu," daktari alisoma. "Unamlisha kwa kijiko?"

"Siku hizi ndiyo."

"Na choo mara saba kwa siku?"

"Hiyo siku njema. Juzi ilikuwa kumi."

"Damu?"

"Imo."

Daktari akauliza juu ya maumivu, maana paka ni bingwa wa kuficha. Fundi akaeleza: anajikunja kwa ubavu, tumbo haliguswi, sauti haitoki. Kujisafisha ni kwa siku moja moja, tena kwa shida. Barazani hatoki, na zamani ungemkuta pale tangu asubuhi akikagua wapita njia kama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Aliyasema yote bila kusita, kama anayetaja vipimo vya soli.

Kalamu ikajumlisha. Daktari akarudia hesabu, safari hii midomo ikicheza.

"Kumi na sita, mzee."

Fundi hakushtuka. Alikuwa ameijumlisha mwenyewe mara mbili, akitumaini amekosea, kwa kuwa shule aliiachia darasa la nne.

"Ungekuja mapema," daktari alisema. "Miezi minne nyuma tungepambana."

"Miezi minne nyuma tuliambiwa ni gesi."

"Na nani?"

"Na wakubwa."

Daktari aliona mzee amechanganya mambo na msiba wake, akaliacha lipite. Akavua miwani.

"Niambie kweli, mwanangu," fundi alisema. "Usinipambie."

"Angekuwa wangu, nisingemsubirisha. Kuishi si kupumua tu. Zimebaki wiki chache, na zitakuwa mbaya kuliko hizi. Mlete Ijumaa. Ni sindano moja, atasinzia, hatasikia kitu. Utakuwa umemshika."

"Na kama hana wa kumshika?"

Daktari alimtazama. Aliwahi kuona wazee wakashindwa kuingia chumba kile, wakabaki nje wakijifanya wanasoma matangazo.

"Nitamshika mimi," alisema.

Fundi alimshukuru kwa mikono miwili. Katika madaktari wote aliokaa mbele yao, huyu wa ng'ombe na paka ndiye wa kwanza kumtazama machoni akamwambia kitu kinachoeleweka.

Alirudi kwa miguu, akipumzika kila kona, mkono mmoja ukutani. Alipofika, Mamamkwe alikuwa juu ya ukuta wa ua na mjusi mdomoni, mnene, manyoya yanang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Aliruka chini kwa kishindo, akamwacha mjusi, akasimama mbele ya sahani tupu akidai haki yake.

Fundi akamjazia, akapita moja kwa moja hadi msalani. Alikawia huko, mara ya tano tangu asubuhi. Alipotoka, aliketi kwenye stuli yake ya kazi, akavua mkanda wa suruali, akautoboa tundu jingine, la sita tangu mwaka uanze.