Hoja ya Kumng'oa Rais Calist

Raheli alipiga magoti kwenye zege, pembeni ya bomba la kufulia, akamnyooshea Joyce karatasi na kalamu. Joyce alikuwa na povu mpaka viwikoni. Sahihi nane zilishapatikana, ilibaki ya tisa, na mwisho wa kupokea hoja za kikao cha kesho yake ulikuwa saa kumi jioni hiyo ya Alhamisi.

"Inuka bwana, unanitia aibu," Joyce alisema. Akajifuta mikono kwenye khanga, akasaini.

Hoja yenyewe ilikuwa ya kumwondoa madarakani Calist, Rais wa Serikali ya Wanafunzi katika chuo kidogo cha kilimo nje ya Kiomboi. Usicheke. Katiba ya wanafunzi pale ilinakiliwa kutoka Katiba ya nchi na watangulizi wao waliokuwa na haraka ya kwenda likizo. Palipoandikwa "Jamhuri ya Muungano" waliweka "Chuo", mengine wakayaacha yalivyo, ndiyo maana Calist, ambaye hata trekta alikuwa hajaruhusiwa kuendesha, alikuwa pia Amiri Jeshi Mkuu. Na kama alivyo Rais wa nchi, angeweza kushtakiwa na kuondolewa kwa theluthi mbili ya wajumbe wote.

Kosa lake halikuwa la kuchekesha. Wanafunzi waligomea maharage yenye wadudu, naye akaandika orodha ya wachochezi saba. Bodi ya nidhamu ingekaa Jumanne na orodha hiyo mezani. Wa kufuta jina alikuwa Rais peke yake, huyu au atakayemrithi, na jina lisilofutwa maana yake ni kufukuzwa. La kwanza lilikuwa la Eliza. La pili lilikuwa la Raheli.

Tangu orodha ijulikane, Raheli alikuwa hali wala halali. Kule Kinyangiri mama yake, Sikudhani, alishampokea mtoto mmoja aliyefukuzwa chuo. Mathayo, kaka yake Raheli, alishuka kwenye basi na sanduku lake la bati mchana kweupe, na mama akakaa mwaka mzima akizunguka nyuma ya mashamba ili asipite dukani akaulizwa. Raheli ndiye aliyebaki wa kumtegemea. Kuwa wa pili kushuka na sanduku kulimtisha kuliko kifo.

Eliza, rafiki yake wa chumba kimoja, alikuwa mtulivu mpaka akaudhi. Alimweleza taratibu kwamba wajumbe ni arobaini na watano, kumi kati yao wako Iguguno kwenye mafunzo ya alizeti, wanarudi Jumatatu asubuhi, na wote kumi hawataki hata kumsikia Calist. Kwa nini wasisubiri siku tatu tu?

"Tukipiga kura kesho tunatakiwa thelathini, na tunao thelathini kamili, mimi na wewe tukiwemo," alisema. "Akikosekana mmoja tumekwisha. Hoja ikikataliwa, hairuhusiwi nyingine mpaka ipite miezi ishirini. Katiba ndivyo inavyosema. Sisi hapa tumebakiza kumi na minne."

"Na gari lao likiharibika njiani? Na bodi ikiamua kukaa mapema?" Raheli alimshika mikono. "Siwezi kusubiri, Eliza. Nakuomba. Mama yangu hatalistahimili hili."

Machozi yalimtoka, akashindwa kuyazuia. Mwishowe Eliza akakubali.

Ijumaa mchana baraza lilikaa kwenye bwalo la chakula. Raheli, akiwa mtoa hoja, alianza na historia. Marekani wamewashtaki marais watatu, alisema, na wote watatu Seneti iliwaachia. Lakini Korea Kusini wameng'oka wawili miaka hii hii ya karibuni, kwa hiyo inawezekana. Alimalizia kwa kusoma majina saba ya orodha, lake likiwa la pili, na wajumbe wa nyuma wakamwonea huruma. Calist alikaa mbele na tai yake, akijipepea kwa nakala ya Katiba. Alipopewa nafasi ya kujitetea alisema hana la kuongeza, anawaachia wajumbe waamue.

Kura ilikuwa ya siri. Vikaratasi vilitumbukizwa kwenye ndoo ya kukamulia maziwa, na Spika Yeremia akavisoma kimoja kimoja kwa sauti. Ndiyo zikawa ishirini na tisa. Hapana zikawa sita.

Eliza alihesabu upya kwa vidole, akitaja majina ya walioahidi, akarudia tena. "Kuna mtu ametuangalia machoni akatudanganya," alisema. Kisha akamgeukia Raheli, akamkumbatia pale pale mbele ya watu. Akamwambia asijilaumu, amefanya kila alichoweza, na kama ni kurudi nyumbani watarudi pamoja. Akaenda chumbani kufungasha.

Raheli aliosha uso bombani. Maji yakimchuruzika shingoni, akaenda kugonga mlango wa ofisi ya Rais.

Calist alikuwa peke yake, amelegeza tai. Hakumuuliza amefuata nini. Alivuta orodha kutoka kwenye droo, akaweka rula, akapiga mstari juu ya jina la pili.

"Miezi ishirini," alisema, akifunika kalamu. "Ila umenitia hofu, Raheli. Nimepona kwa kura moja tu."

"Ni yangu," Raheli alijibu, macho yake yakiwa kwenye jina la kwanza.